Masizi ya Jikoni Yana Mwenyewe

Juzi dalali alinishauri nisugue masizi ya jikoni, kisha nifunike kwa rangi nyeupe unyevu ulio nyuma ya sinki, kabla hajamleta mnunuzi. Masizi nilianza kuyasugua. Unyevu nilimwitia fundi, kwani rangi haizibi bomba linalovuja, na mnunuzi naye ni mja wa Mungu.

Lakini masizi hayo ni ya miaka ishirini ya mapishi ya mke wangu, ambaye dalali hakumuuliza lolote. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 huhesabu kazi za nyumbani kuwa mchango, wala hairuhusu nyumba ya ndoa iuzwe bila idhini ya wote wawili. Mwalimu mzima, nami sikuwa nimemuuliza! Nikaweka brashi chini, nikamwita.