Anayesafiri na Anayebaki: Watafiti Wanatufundisha Nini Kuhusu Ndoa na Safari za Kazi



Huku kwetu Kigonsera husemwa: "Fulani kaenda kutafuta maisha." Sentensi hiyo ina mtu mmoja tu. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kuuliza neno linaonyesha nini na linaficha nini. Hapa linamficha anayebaki: mke, mimba aliyo nayo, watoto na shamba. Watafiti wawili wanatusaidia kumwona.

Wa kwanza ni P. H. Gulliver, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Mwaka 1955 kilitoka kitabu chake kuhusu safari za kazi za Wangoni na Wandendeule wa wilaya ya Songea, ambayo wakati huo ilikuwa na Umatengo pia ndani yake. Wanaume wengi walikwenda mbali kwenye mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba vijana wanakimbilia starehe. Gulliver alionyesha kuwa sababu kubwa ilikuwa uhaba wa fedha nyumbani. Kwa hiyo, kabla ya kumhukumu anayeondoka, tuulize kwanza kilichomwondoa.

Wa pili ni Marjorie Mbilinyi, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na mmoja wa waasisi wa Mtandao wa Jinsia Tanzania mwaka 1993. Katika makala yake ya mwaka 1988 aliandika juu ya wake waliotoroka ndoa huko Rungwe kati ya 1919 na 1961. Swali lake lilikuwa tofauti: mwanamume akienda kazini, nani anailisha familia? Jibu lake ni kwamba mshahara wa kibarua uliweza kuwa mdogo kwa sababu mke alibaki kijijini akilima, akizaa na kulea bila malipo. Ndiyo maana wakoloni na machifu walishughulika sana kuwazuia wanawake wasiondoke. Ndoa, ambayo ni agano, iligeuzwa kuwa kamba.

Je, hayo yanatuhusu Mbinga? Tutazame ngoro. Kwa desturi ya Wamatengo, mwanamume hufyeka nyasi na kuzipanga kwa miraba, na mwanamke huzifukia kwa udongo na kupanda. Kazi ni mbili na zinategemeana. Mume akiondoka, zote mbili humwangukia mke, hata akiwa mjamzito, asipopata ndugu wa kumsaidia au fedha ya kibarua.

Uzazi nao unaguswa. Kliniki zetu huwahimiza wajawazito waende na waume zao ili wapime pamoja virusi vya UKIMWI. Ni jambo jema. Lakini mama ambaye mume wake yuko mbali anafika peke yake, na mahali pengine huombwa barua ya kiongozi wa kijiji. Wengine kwa aibu huchelewa kwenda, na kuchelewa kunaweza kugharimu uhai wa mama au wa mtoto. Mume naye akirudi baada ya miezi mingi, upendo wa kweli unawataka wapime wote wawili kabla ya kurudiana. Kulisema hilo wazi si kumshuku mtu. Ni kulinda uhai.

Kanisa halikatazi kusafiri. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kuwa mtu ana haki ya kuondoka kwao kutafuta maisha bora, ila alikiri kwamba kuondoka huko kuna hasara. Kwa maneno ya falsafa, mtu ni lengo, si chombo. Anayebaki asifanywe chombo cha safari ya mwenzake.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mafundisho ya ndoa yawaulize wachumba: mmoja akisafiri, mtapanga nini kuhusu fedha, uzazi na muda wa kurudi? Pili, jumuiya ndogo ndogo ziwajue wajawazito ambao waume zao wako mbali, ziwasindikize kliniki na kuwasaidia shambani. Tatu, sisi tunaojiandaa kwa upadre tujifunze kumsikiliza anayebaki kabla hatujamhubiria juu ya uvumilivu.