Bilingani la kuchoma kwa aliyeagizwa kupunguza wanga

Jirani yetu mmoja, mama wa makamo, aliagizwa na daktari apunguze uzito na kuacha wali, ugali na chapati kwa kuwa sukari yake ilikuwa imeanza kupanda. Alitii kwa wiki tatu. Kila jioni alijitenga na sahani yake ya kabichi ya kuchemsha, nao watoto na wajukuu wakazunguka sinia upande wa pili wa mkeka. Wiki ya nne akarudi kwenye sinia, na wali wake tele. Tulipomuuliza, alijibu: "Njaa naiweza, wanangu. Kula peke yangu ndiko kulikonishinda."

Jibu hilo lilitufanya tutafute chakula kinachofaa kuwekwa katikati ya sinia, kikaliwa na mgonjwa na mzima pamoja. Tulikipata katika mutabal, rojo zito la bilingani na ufuta lijulikanalo sana Shamu na nchi za Ghuba, ambalo huliwa kwa kuchovya.

Gramu 100 za bilingani bichi zina takriban gramu 6 tu za wanga, na karibu nusu yake ni nyuzinyuzi. Kiasi hicho hicho cha wali uliopikwa hubeba wanga wapata gramu 28. Tulifikiria pia rojo la dengu, lakini dengu nazo, pamoja na ubora wake, zina wanga mwingi kuliko bilingani.

Chagua mabilingani mawili makubwa yenye ngozi ya kung'aa na kikonyo kibichi. Yatoboe kwa uma yasije yakapasuka, kisha yaweke juu ya jiko la mkaa na uyageuze hadi ngozi iungue na nyama yake ilegee kabisa. Usione huruma kwa ule weusi, kwa sababu ladha ya moshi ndiyo roho ya chakula hiki. Yafunike ndani ya bakuli kwa dakika kumi, menya, halafu uyaache kwenye chujio kwa robo saa yatoe maji. Wengi huiruka hatua hii, wakaishia na uji.

Kaanga vijiko vinne vya ufuta mweupe bila mafuta hadi unukie, na uuepue mara ubadilikapo rangi kwani ukiungua huwa mchungu. Utwange kwenye kinu pamoja na punje moja ya kitunguu saumu na kijiko cha mafuta hadi ulainike. Ufuta hulimwa kwa wingi Lindi na Mtwara, hivyo hakuna haja ya kununua kopo la gharama kutoka ng'ambo. Ponda bilingani kwa uma, uchanganye na ufuta, vijiko viwili vya mtindi usio na sukari, maji ya ndimu moja, chumvi na bizari nyembamba kidogo. Nyunyizia kotmiri juu.

Chovya kwa vipande vya tango, figili na pilipili hoho. Karoti nazo zinafaa, kwa kiasi. Watoto wapewe mkate wao, bakuli likiwa lile lile.

Hapa tunapaswa kutoa tahadhari mbili. Ufuta una mafuta mengi, na kijiko kimoja cha chakula cha ufuta uliosagwa hufikia kalori 90, kwa hiyo anayeongeza vijiko kwa kusifu utamu asiilaumu mizani. La pili ni zito zaidi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asikate wanga ghafla kabla ya kuzungumza na daktari wake. Dozi iliyopangiwa sahani ya wali yaweza kuishusha sukari kupita kiasi pale wali unapoondolewa, na dalili zake ni jasho, kutetemeka, kizunguzungu, hata kupoteza fahamu. Jirani yetu mwenyewe tulimsindikiza kliniki kuuliza kabla hatujawasha mkaa.

Sasa anakaa mahali pake pa zamani mkekani. Jioni tuliyomtembelea, mjukuu wake mdogo alikuwa amemaliza matango yote, naye bibi akimwita binti yake jikoni akate mengine.