Mama Mjamzito Aliyelemewa na Mawazo

Mama akifika kliniki ya wajawazito hupimwa uzito, presha, damu na mkojo. Ni mara chache kuulizwa kama usiku analala. Hata hivyo, watafiti waliowahoji wajawazito 397 mkoani Mwanza, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015, waliona kwamba karibu mmoja kati ya kila watatu alikuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Waliopatwa zaidi ni wenye hofu juu ya mimba yao, wenye ugomvi na waume zao, na maskini. Anayeijua Misungwi hatashangaa: mvua imechelewa, baba yuko visiwani kwenye dagaa na hajatuma fedha, na uchungu waweza kuanza usiku bila usafiri.

Mawazo ya namna hii si udhaifu wala kudeka. Yakikaa muda mrefu humnyima mama usingizi na hamu ya kula, na huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Lipo zoezi la kusaidia. Limetokana na mafunzo ya wiki nane yaliyoanzishwa na Jon Kabat-Zinn huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, ambayo mkunga Nancy Bardacke aliyarekebisha kwa ajili ya wajawazito. Keti vizuri, au lala kwa ubavu wa kushoto. Weka mkono tumboni. Vuta pumzi polepole kwa pua, usikie tumbo likiinuka, kisha iachie. Akili itakimbilia deni la dukani. Ndiyo kazi yake. Usijilaumu. Irudishe taratibu kwenye pumzi, hata mara ishirini. Dakika kumi kila siku zatosha kuanzia. Kumbukumbu mbaya zikikujia, acha, fumbua macho, ongea na mtu unayemwamini.

Tuseme wazi: pumzi hailipi deni, wala haizuii mkono wa mume anayepiga. Mama anayepigwa amweleze muuguzi, au aende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Anayelia kila siku kwa wiki mbili aende kliniki bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Anayewaza kufa asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Tena, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu au uso ukivimba, msiseme ni mawazo. Huenda ni dalili za kifafa cha mimba. Akina baba, hapo tafuteni usafiri mara moja.