Katana: Sayansi iko Lwiro, lakini nani ataieleza sokoni?

KATANA, Kivu ya Kusini – Mwanafunzi wa kemia anaweza kujaza ubao mzima akieleza namna sumu ya sianidi inavyotoka katika muhogo. Anaieleza kwa Kifaransa na anapata pointi zake. Lakini akirudi nyumbani wakati wa likizo, mama yake akimwuliza kwa nini muhogo mchungu unalowekwa siku tatu na si moja, anakwama. Jambo analijua. Maneno ya kumwambia mama hana.

Hakuna mahali pengi ambapo pengo hilo linaonekana wazi kama Katana. Eneo hili la teritwari ya Kabare liko kandokando ya Ziwa Kivu, kaskazini mwa Bukavu, kwenye barabara ya kwenda Goma. Si mbali, upande wa mlima, kuna Lwiro, kituo cha utafiti wa sayansi asilia, CRSN. Kilianza enzi za Wabelgiji chini ya taasisi ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947. Wanyama, mimea, ziwa, matetemeko ya ardhi, chakula cha watoto: karibu kila kitu kinachogusa maisha ya wakaaji wa hapa kimechunguzwa pale. Matokeo mengi yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Katika mashamba yanayozunguka kituo, watu wanaongea Mashi, Kihavu na Kiswahili.

Mfano mkubwa uko ng'ambo ya maji, kisiwani Idjwi. Katika miaka ya 1960, watafiti waliofanya kazi wakiwa na kituo Lwiro, kati yao daktari Mbelgiji François Delange, walikuta kisiwani watu wengi wenye uvimbe wa shingo, goita. Sababu ya kwanza ilijulikana: iyodi ni haba katika udongo na maji. Lakini hesabu haikukubali. Iyodi ilikuwa haba kisiwa kizima, na bado kaskazini watu wengi walivimba shingo, wakati kusini-magharibi walikuwa wachache. Ndipo watafiti wakaanza kuangalia sahani za watu.

Walichokuta ni muhogo. Ndani yake kuna kitu ambacho kinatoa sianidi muhogo unapopondwa au kutafunwa. Mwili unajitetea: unaichukua sianidi hiyo na kuifunga kwa salfa inayotoka katika vyakula kama samaki, nyama na mayai, kisha unaigeuza kuwa tiosianati, ambayo haina ukali ule na hutoka na mkojo. Shida ni kwamba tiosianati inaizuia iyodi kuingia katika tezi ya shingo. Kwa mtu mwenye iyodi ya kutosha, si neno kubwa. Kwa mtu ambaye iyodi yake ni haba tangu mwanzo, tezi inavimba ikijitahidi kukamata kidogo kilichopo.

Utafiti huo ulichapishwa katika majarida ya kimarekani, na madaktari wa nchi nyingi wameusoma. Kwa mpishi wa Katana, yote hayo yanakuwa mambo matatu: loweka muhogo vya kutosha, tia chumvi yenye iyodi, na ukiweza weka sambaza kando ya bugali. (Sambaza wenyewe ni zawadi ya sayansi: walitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.) Kutoka tiosianati hadi sambaza kuna safari ndefu, na katika masomo mengi ya sayansi safari hiyo haina pointi hata moja. Mwanafunzi ananunua silabusi, anaikariri, anairudisha kwenye mtihani, basi.

Hasara yake si ya vitabuni. Huko Burhinyi, teritwari ya Mwenga, madaktari wameandika habari za konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ya watu wanaokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri huku wakikosa vyakula vya kuwapa salfa. Mguu ukishapooza kwa konzo, haurudi tena kama zamani. Kinga yake ni maji, siku chache za kuloweka, na mtu wa kueleza kwa nini haraka ni hatari.

Ziwa lenyewe ni somo lingine. Katika vilindi vyake, vinavyofika mita 485 hivi, kuna gesi ya kaboni inayokadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300, na metani kama kilomita za ujazo 60. Mwanafunzi wa fizikia ataeleza kwa nini haitoki kwa kuandika neno presioni na fomula yake. Tanzania, ambako kamusi ya Kiswahili ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa mwaka 1990, wanafunzi hufundishwa neno kanieneo. Ni neno zuri, limebeba fomula yake tumboni: kani juu ya eneo. Ila ukilisema sokoni Katana, watu watakutazama tu.

Chupa ya Primus wanaijua. Ikiwa imefungwa, gesi imetulia ndani ya bia na haionekani; kizibo kikitoka, inapanda. Chini ya ziwa, uzito wa maji ya juu ndio kizibo. Hapo wauza samaki wataelewa, na wataleta swali ambalo mwanafunzi hakulitayarisha: je, kizibo kinaweza kutoka?

Swali hilo ndilo linaonyesha kama mtu amefundishwa kueleza sayansi au amefundishwa tu kuirahisisha. Akisema hakuna hatari yoyote, anadanganya: tarehe 21 Agosti 1986, gesi ya Ziwa Nyos, Kameruni, iliua watu kama 1,700. Akisema litalipuka kesho, anadanganya pia, na anaweza kukimbiza mji. Jibu la kweli ni refu zaidi: gesi ya Kivu bado iko mbali na kiasi cha kutoka yenyewe, jambo kubwa kama volkano chini ya maji linaweza kubadili hali, na ndiyo maana ziwa linapimwa. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinatoa metani hiyo na kuzalisha umeme wa megawati 26.

Ni hivyo hivyo kwa matetemeko. Jumapili, tarehe 3 Februari 2008, ardhi ilitikisika Bukavu na ng'ambo ya Rwanda kwa ukubwa wa karibu 6, na makumi ya watu walikufa, wengi upande wa Rwanda. Hakuna mtaalamu awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo. Mwanafunzi anayeweza kusema hilo bila aibu, halafu akaonyesha ukuta gani wa nyumba ni wa kuogopa, amefanya kazi ya maana.

Wengine duniani wamejaribu kulifanya jambo hili kuwa somo. Chuo kikuu cha Queensland, Australia, kilianzisha mwaka 2008 shindano la kueleza tasnifu kwa dakika tatu. Quebec ikalifungua kwa Kifaransa mwaka 2012. Ni zoezi zuri, ingawa waamuzi huwa ni wasomi mara nyingi. Katika Kivu, mwamuzi afaaye ni mama muuza muhogo. Hata sheria haikatazi: katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha hizo kufundishia. Ukurasa mmoja wa Kiswahili nyuma ya kila kazi ya mwisho wa masomo hauhitaji bajeti wala mfadhili.

Wala lugha za hapa si maskini mbele ya sayansi. Konzo ni neno la Kiyaka, la miguu iliyofungwa. Mazuku, gesi inayojificha kwenye mabonde karibu na Goma na Sake na kuua watoto na mbuzi, ni neno la wakaaji wenyewe, na leo wataalamu wa volkano wanaliandika hivyo hivyo katika makala zao za Kiingereza.

Kwa atakayeanzia jikoni, kuna somo dogo la chumvi. Mfuko ukiachwa wazi karibu na moto, au ukiingia unyevu, iyodi inapungua siku kwa siku ingawa chumvi inabaki na ladha ile ile. Inafaa ikae ndani ya chombo chenye kifuniko, na itiwe chunguni sombe ikiwa karibu kuiva.