Ukiwa Nchi Kavu, Usiiamshe Honi ya Ukungu

Kila kiangazi, hewa yenye joto na unyevu ikipita juu ya maji baridi ya Maine, Marekani, na ukungu ukatanda, swali lile lile hurudi: "Nina redio ya VHF ya mkononi na naishi karibu na mnara wa taa. Nikibonyeza mara tano kutoka barazani, honi italia?" Italia. Zamani kwenye minara mingi kifaa kilichoitwa VM-100 kilimulika hewani na kupima mwanga unaorudi ili kugundua ukungu na kuiwasha honi. Theluji au mvua viliweza kukihadaa, na vipuri vyake vikaadimika. Walinzi wa Pwani wakaweka mfumo unaomwachia baharia kazi hiyo: anaweka redio kwenye chaneli 83A, yaani masafa ya 157.175 MHz, anabonyeza kitufe cha kipaza sauti mara tano ndani ya sekunde kumi hivi, na honi inalia kwa dakika 45 au 60, kutegemea kituo. Mtambo huo unahesabu mibonyezo tu. Haujui kama aliyebonyeza yuko kwenye mashua ya kambakoche au amekaa kwenye kiti chake cha uvivu. Basi uwezekano si hoja. La kuuliza ni kama unaruhusiwa, na jibu ni hapana.

Hapo ndipo unapokuja utetezi ambao wataalamu wa redio wamechoka kuusikia: "Lakini mimi sikusema neno, nimebonyeza tu." Watu wenye akili zao timamu wanaamini kwamba redio hairushi kitu mpaka mtu atoe sauti. Tazama kioo cha redio yako unapobonyeza: kwenye nyingi herufi TX zinatokea papo hapo, kabla hujafungua mdomo. Kitufe kikishuka, wimbi limeshatoka kwenye antena. Sauti ni mzigo tu unaopakiwa juu yake. Aliyegonga mlango akanyamaza bado amebisha hodi. Na ushahidi ni honi yenyewe: kama kubonyeza si kurusha mawimbi, mnara ulikusikiaje? Wala wimbi hilo tupu si salama kwa kuwa limenyamaza. Katika FM, kipokezi hushika wimbi lenye nguvu na kulimeza lililo dhaifu, na chaneli 83A imetengewa Walinzi wa Pwani. Wakiwa na mazungumzo yao hapo, ukimya wako ulio karibu unaweza kuifuta sauti inayotoka mbali.

Wengine hukimbilia sheria ya 1996, wakidai kwamba tangu hapo redio ya baharini haihitaji leseni. Wamesoma nusu ya habari. Msamaha huo ulihusu vyombo vidogo visivyolazimishwa kubeba redio, mradi havisafiri kwenda bandari za kigeni. Umefungamana na chombo, haukupewa redio wala mwenye redio. Kifaa kile kile kilicho halali kwenye mtumbwi kinakosa uhalali ukishuka nacho ufukweni ukaanza kurusha mawimbi. Leseni ya redio ya ridhaa nayo haisaidii, maana masafa yake ni mengine. Pingamizi lenye uzito ni moja tu: vipi mtu aliye kwenye kayaki, hana redio, na honi imenyamaza ukungu umemzunguka? Huruma hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake haiko barazani. Kayaki pia ni chombo, hivyo redio ya mkononi ndani yake inaruhusiwa, na itamfaa kuita msaada, jambo ambalo honi haiwezi. Isitoshe, sauti ya honi haiaminiki kiasi hicho. Tangu majaribio ya John Tyndall huko South Foreland, Uingereza, mwaka 1873, inajulikana kwamba tabaka za hewa huweza kuimeza hata siku angavu. Aliye ufukweni akiisikia vizuri hajathibitisha kwamba aliye majini anaisikia. Na anayeona kwamba mfumo mzima umekosewa, awaandikie Walinzi wa Pwani. Ndio wanaoweza kuubadilisha.

Sasa ya kufanya, kwa ufupi. Ukiwa chomboni, angalia kwanza kwenye orodha rasmi ya taa kama kituo chako kina mfumo huu. Kwenye redio mpya chaneli 83A huandikwa 1083. Bonyeza mara tano, sikiliza, na dakika zikiisha ukungu ungalipo, rudia. Usikadirie umbali kwa ukubwa wa sauti. Ukiwa nchi kavu, kusikiliza redio ni ruksa, kurusha ni mwiko. Ndugu amechelewa kurudi? Mpigie simu, asipopatikana, wapigie Walinzi wa Pwani au 911, ueleze chombo, njia yake na muda aliotarajiwa. Na mgeni anayetaka tu kuisikia honi asubiri ukungu ushuke. Wa kuibonyeza hakosekani baharini.