Majeruhi wa kichwa anaposema ‘sina neno’

Mhudumu wa bodaboda anapoanguka katika barabara itokayo mjini Machakos kuelekea Masii na Wamunyu, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kuinuka, kujipangusa vumbi na kuwaambia waliomkimbilia kwamba hana neno. Pikipiki huinuliwa, jeraha dogo juu ya sikio hufungwa leso, naye hupelekwa nyumbani akapumzike. Jioni hulalamika kwamba kichwa kinamgonga. Hutapika mara moja au mbili, kisha husinzia. Jamaa zake humwacha alale wakidhani kuwa usingizi ni dawa. Asubuhi haamki.

Madaktari wa upasuaji wa ubongo wanaufahamu vyema mkasa wa aina hii, na huwauma kuliko mingine kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo angeweza kupona kabisa. Mfupa wa fuvu ni mwembamba kwenye panja, na upande wake wa ndani hupita ateri iliyoshikana na mfupa huo. Fuvu likipata ufa mahali hapo, ateri hukatika na damu kuanza kujikusanya baina ya mfupa na utando mgumu unaoufunika ubongo. Ubongo wenyewe huenda haujadhurika sana, na ndiyo sababu majeruhi huzungumza, hutembea na hata kudai chai. Lakini fuvu la mtu mzima halipanuki. Kadiri damu inavyoongezeka, ndivyo ubongo unavyosukumwa kando na kushinikizwa chini, hadi shina lake linaloendesha pumzi na mapigo ya moyo libanwe.

Dalili za hatari hazihitaji mashine kuonekana: kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maneno yasiyoshikana, mkono au mguu mmoja kulegea, na mboni ya jicho moja kuwa pana kuliko ya pili. Mwaka 1974, Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, nchini Uingereza, walichapisha kipimo ambacho hadi leo hutumiwa kote duniani. Mhudumu wa afya hutazama mambo matatu: jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, anavyojibu na anavyosogeza viungo. Aliye timamu hupata alama 15. Aliyezama kabisa hupata 3. Na anayepata 8 au chini ya hapo huhesabiwa kuwa mahututi. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala fedha. Muuguzi wa zahanati iliyo mbali huko Yatta au Masinga anaweza kukitumia, mradi akirudie kila baada ya muda na kuandika alichokiona. Mgonjwa aliyekuwa na alama 15 saa mbili usiku na 12 saa nne ana habari nzito kuliko yule aliyefika na 12 na kubaki na 12.

Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa uliovunjika, lakini haionyeshi damu iliyo nyuma yake. Kwa hilo hutakiwa mashine ya CT, ambayo hupiga picha za kichwa tabaka kwa tabaka. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha za aina hiyo alihudumiwa jijini London mnamo Oktoba 1, 1971. Godfrey Hounsfield, mhandisi aliyeiunda, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, Afrika Kusini. Katika picha hizo damu mbichi huonekana nyeupe. Donge lililo juu ya utando mgumu huwa limetuna pande zote mbili mfano wa lenzi. Lililo chini ya utando huo huwa limepinda kama mwezi mwandamo, na kwa kawaida huandamana na madhara makubwa zaidi kwa ubongo wenyewe.

Upasuaji unaofuata ni wa moja kwa moja kuliko wengi wanavyodhani. Mgonjwa hupewa nusukaputi, nywele hunyolewa, ngozi hufunuliwa na mashimo madogo kutobolewa kwenye fuvu. Mashimo hayo huunganishwa kwa msumeno mwembamba ili kipande cha mfupa kiinuliwe, donge liondolewe na ateri inayovuja ifungwe. Kisha mfupa hurudishwa mahali pake. Kutoboa fuvu si jambo geni hata humu nchini: miongoni mwa Abagusii, mafundi wa jadi walikuwa wakiwafungua vichwa watu walioteswa na maumivu baada ya kupigwa, na wengi waliofanyiwa hivyo waliishi.

Tatizo, basi, ni saa. Utafiti wa wagonjwa 82 waliokuwa na donge chini ya utando, uliochapishwa nchini Marekani mwaka 1981, ulionyesha kwamba kati ya waliopasuliwa ndani ya saa 4 asilimia 30 walifariki, ilhali kati ya waliocheleweshwa walifariki asilimia 90. Tafiti za baadaye hazikupata pengo kubwa kiasi hicho, lakini hakuna daktari aliyechukulia hilo kuwa ruhusa ya kusubiri.

Sasa na ipigwe hesabu ya Machakos. Kutoka mji huo hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 60, na njia hupitia Athi River na Mlolongo, ambako malori ya Barabara ya Mombasa hayamjui mgonjwa. Kabla ya safari hiyo kuna ile ya kutoka kijijini hadi hospitali ya kaunti ya Level 5, kungojea picha, kuandikiwa barua ya rufaa na kutafuta ambulensi. Tangu Mwitaliano Renato Ruberti alipofanya kazi Nairobi katika miaka ya 1960, na baadaye Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza kubobea katika taaluma hii, mabingwa wake wamejikusanya zaidi katika jiji kuu. Ndiyo sababu simu inayopigwa mapema kwa hospitali inayompokea mgonjwa, picha zikitumwa mbele yake, huokoa muda kuliko dereva anayekimbiza gari. Njiani mgonjwa apewe oksijeni na kichwa kiinuliwe kidogo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2019 ulionyesha pia kuwa dawa ya traneksamiki, ikitolewa ndani ya saa 3, hupunguza vifo vya wale ambao majeraha yao si mabaya mno.

Kwa uti wa mgongo, madhara mengine hutoka kwa mikono ya wasamaria. Mchumaji aliyeanguka kutoka kwenye mwembe huinuliwa kwa makwapa na miguu, akakunjwa katika kiti cha nyuma cha gari. Pingili iliyovunjika ikisogea, hukata kamba ya neva iliyo ndani yake, na mtu aliyekuwa akisogeza vidole hupooza. Yafaa alazwe juu ya ubao, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka, na ageuzwe na watu kadhaa kwa pamoja. Vyuma na skrubu ambavyo daktari huvifunga baadaye huimarisha pingili na kuondoa mbano. Haviungi neva iliyokatika.

Wala si kila mgongo huhitaji kisu. Maumivu yasiyokoma, jasho la usiku, kukonda na kibiongo kinachochomoza huweza kuwa kifua kikuu cha mifupa. Wagonjwa wengi wa aina hiyo hutibiwa kwa dawa, ambazo nchini Kenya hutolewa bila malipo, wakizitumia kwa karibu mwaka mzima. Upasuaji huhitajika zaidi pale neva zinapobanwa au mgongo unapopinda vibaya.

Na yule aliyeruhusiwa kwenda nyumbani baada ya kugonga kichwa? Asiachwe peke yake kwa saa 24 za kwanza, wala asipewe pombe. Usiku aamshwe kila baada ya muda, aulizwe jina lake, mahali alipo na siku ya juma. Akikosea, akitapika tena au akikataa kuamka, gari litafutwe usiku huohuo.