Sheria Iwe Mizani, Si Ladha ya Hakimu

Tuseme mtu ametunga wimbo wa kuwakejeli viongozi, akauimba Handeni, kisha Korogwe. Wilaya hizo ni za mkoa mmoja wa Tanga, na Katiba yao ni moja. Je, itakuwa haki hakimu wa huku acheke na kumwachilia, na wa kule achukie na kumtia hatiani?

Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inampa kila mtu uhuru wa kutoa maoni. Ibara ya 30 inaruhusu sheria kuuwekea mipaka, nasi hatutetei kashfa wala uchochezi. Lakini Mahakama ya Rufani ilikwisha kutamka mwaka 1993 kwamba sheria yenye kubana haki isiwe ya kionevu, wala isibane kupita inavyolazimu.

Maneno ya sheria yakiwa na utata, pengo hujazwa na ladha ya mwamuzi. Ndiyo maana mwaka 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilivikataa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, vingine kwa kukosa maana dhahiri.

Hoja hii haiishii Bara. Sisi wa Visiwani nasi tuna ibara ya 18 katika Katiba ya Zanzibar ya 1984. Basi wanaoandika sheria waziandike wazi, na hakimu ajiulize: neno hili limemdhuru nani, na limevunja sheria ipi? Kumkera yeye peke yake si kosa.